Nyonga ya Mama Eufrasia

Wanaume wawili walimshika Mama Eufrasia kwapani, wa tatu akamshika miguu, wakamteremsha kutoka kwenye lori la mihogo taratibu kama wanaoshusha kioo. Ilikuwa Jumamosi asubuhi pale Iringo, maduka yamefunguliwa na wauza mitumba wamekwisha kutandaza nguo zao hadi barabarani. Alipokanyaga chini alijaribu kusimama wima, akashindwa. Akabaki ameinama, mkono mmoja begani kwa mwanawe mdogo, Clementi, mwingine umeshika kanga iliyokuwa ikimvuka kiunoni. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipanga makoti ya watoto alimtazama usoni, kisha akamwuliza mwenzake kama huyu si mama yake dokta wa mifupa.

Swali lile lilifika upande wa pili wa barabara. Watu waliacha kuchambua nguo. Dokta Felisiani Masatu walimjua wote. Ndiye aliyemrudishia bega dereva wa basi la Bunda, ndiye aliyemnyoosha mguu binti wa mwalimu mmoja wa Kigera, na karibu kila mcheza mpira wa mji ule alikuwa amewahi kufungwa hogo, yaani plasta ngumu, na mikono yake. Na sasa mama yake huyu hapa, anakwenda upandeupande, mguu mmoja akiuburuta. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba mganga hajigangi. Clementi alisikia. Mama yake pia alisikia, lakini alijifanya anatafuta kitu kwenye kikapu.

Baiskeli ya kukodi hakuweza kuipanda, kwa kuwa mguu wa kulia ulikataa kufunguka. Ukatafutwa mkokoteni. Ndivyo Mama Eufrasia, mjane wa mvuvi, aliyemsomesha mtoto mpaka Ulaya kwa dagaa na unga wa muhogo, alivyoingia mtaa wa Kitaji: ameketi juu ya mkokoteni uliobeba saruji jana yake, miguu ameinyoosha mbele, na vumbi la saruji limemganda kwenye gauni lake la kanisani.

Marieta, mke wa daktari, alikuwa barazani anakaanga maandazi ya kuuza. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, lakini siku hizo mshahara ulikuja ulipotaka, na karai ndilo lililoilisha nyumba. Alipouona mkokoteni alidhani ni mgonjwa mwingine, maana wagonjwa walikuwa na desturi ya kumfuata mumewe hadi nyumbani. Alikwisha kufungua kinywa aseme daktari hayupo, ndipo akamtambua mama mkwe wake. Maandazi yaliungua siku ile.

Daktari alirudi mchana. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, asiyejua kutulia. Chai aliinywa amesimama na gazeti alilisoma akitembea. Alimkuta mama yake kitandani, akamwamkia, lakini mkono wake ulikwisha kutangulia kwenye nyonga. Alimkunja goti, akajaribu kuuzungusha mguu kwa ndani. Haukuzunguka. Chini ya kiganja alisikia mifupa ikisagana kama mchanga kwenye jino. Hakuhitaji picha kujua kwamba kiungo kilikuwa kimekwisha.

Alimwuliza Clementi kwa nini hakuambiwa mapema, ilhali yeye mwenyewe alikuwa kijijini Krismasi na hakuona kitu.

"Kila ulipokujaga ulimkuta amekaa," Clementi alijibu. "Alitukataza. Alikaa tangu asubuhi ili usimwone akiinuka."

Felisiani akamgeukia mama yake. Mama Eufrasia akasema yaliyopita yamepita, sasa ameletwa kwa mwenye kazi, na kwamba anataka kujua jambo moja tu: atakatwa lini. Daktari akamwambia kwanza wapige picha. Akatoka nje, akasimama karibu na karai, akala andazi lililoungua bila kujua anakula nini.

Filamu za eksirei zilikuwa zimeisha kwenye hospitali ya serikali alikofanya kazi, na hakuna aliyejua nyingine zitafika lini. Kila asubuhi Felisiani alikwenda kuziulizia huku akijua jibu. Nyumbani shida kubwa ilikuwa choo. Kilikuwa cha shimo, cha kuchuchumaa, na Mama Eufrasia hakuweza kuchuchumaa. Marieta alimshika mikono yote miwili, akageuzia uso ukutani, wakakaa hivyo pasipo neno mpaka shughuli imalizike. Hakuna kati yao aliyemweleza Felisiani, ila aliwaona wakirudi, kila mmoja anatazama upande wake.

Jumapili, wenzake walipokwenda misa, alichukua kiti cha mbao akakitoboa tundu katikati kwa msumeno wa kuazima. Jirani alichungulia juu ya ua, akauliza daktari anatengeneza nini. Felisiani akasema kiti. Jirani akatazama vizuri, akasema kumbe viti vya madaktari vina tundu. Watoto wa mtaa wakayachukua maneno hayo, wakayaimba siku nzima.

Aliwasikia akiendelea kupiga msasa ukingo wa lile tundu ili usimchubue mama yake. Mikono yake ilikuwa imefundishwa kazi nyingine. Huko Bulgaria alisimama miaka kadhaa pembeni ya profesa wake, akaona vikongwe wakiingizwa kwa machela na kuondoka wakitembea, kila mmoja ana tufe la chuma ndani ya paja mahali pa kiungo kilichosagika. Naye akajifunza kuliweka. Alirudi baada ya vita vya Kagera, wakati hata sabuni ya kunawia kabla ya upasuaji ilikuwa ikigawiwa vipandevipande. Wenzake walimsihi abaki Dar es Salaam. Wengi wao baadaye walihamia Botswana. Yeye akaomba Musoma, akisema watu wa kwao nao wana mifupa.

Tangu afike hakuwahi kuweka nyonga ya chuma hata moja. Aliyojifunza aliyaweka kando, akajifunza mengine: kuuvuta mguu uliovunjika kwa mfuko wa mchanga, kunyoosha kwa hogo la kila wiki nyayo za watoto waliozaliwa zimepinda, kufyonza maji kwenye magoti ya wavuvi wanaoshinda wamepiga magoti ndani ya mitumbwi. Na kwa wenye nyonga kama ya mama yake alikuwa na njia moja ya zamani. Alikata kichwa cha mfupa wa paja, akakitoa, akaacha nafasi ile ijifunge yenyewe kwa kovu. Maumivu yalikwisha, lakini mguu ulifupika, na mtu alichechemea mpaka siku ya kuzikwa. Profesa wake aliitaja njia hiyo siku moja tu, akasema wataikuta kwenye vitabu. Felisiani alikuwa ameifanya mara nyingi hata asiweze kuwakumbuka wote. Kwa mama yake hakutaka hata kuifikiria.

Wiki iliyofuata Abdulkadiri alimwita dukani kwake, Iringo. Alikuwa mfanyabiashara wa nyavu na kamba, mwenye malori yanayobeba sangara kwenye barafu. Duka lilinuka nailoni mpya. Alimvutia kiti, lakini daktari akabaki amesimama kati ya marobota ya nyavu.

Abdulkadiri hakuzunguka. Alisema mwaka jana serikali iliruhusu tena hospitali za watu binafsi, naye amekwisha kujenga yake Kigera, yenye milango mipana ya kupitisha machela, na nyumba ya daktari kando yake. Taa ya chumba cha upasuaji ameinunua Nairobi, bado iko ndani ya boksi. Anachokosa ni daktari ambaye watu wanalijua jina lake. Wavuvi wanaomwuzia samaki wakivunjika huletwa dukani kwake kwanza, kwa sababu yeye ndiye mwenye gari, na amechoka kuwasafirisha hadi Mwanza wakilia njia nzima.

"Na nimesikia mama amefika," akaongeza. "Nairobi wanaweka nyonga ya chuma. Atakwenda kwa gari langu, atatibiwa, atarudi. Hilo niachie mimi."

"Na hospitali ya serikali?"

"Utaiacha. Nusu ya daktari siitaki, Dokta. Nimeona mahali pengine, mtu asubuhi yuko huku, jioni yuko kule, na dawa zinahama naye mfukoni. Sitaki jina langu litajwe kwenye mambo hayo."

Felisiani aliomba muda wa kufikiri. Alitembea kwa miguu hadi Kitaji, akapita nyumba yake bila kukusudia, ikabidi arudi. Marieta alikuwa ameshapata habari. Kudura, dada yake Abdulkadiri, alikuwa mteja wake wa maandazi. Walizungumza uani, kwa sauti ndogo ili mama asisikie. Marieta alimkumbusha bati linalovuja, watoto wao walioko bweni, na jinsi wageni wake wa kanisani wanavyoshangaa kwamba mke wa daktari bingwa ana moto usoni tangu alfajiri. Felisiani akasema anajua yote hayo.

"Hujui," Marieta alimwambia. "Mimi sisemi kwa ajili ya bati. Umechoka, Baba Masatu, na hujui kwamba umechoka. Unaamka unatembea. Hata ukiwa umelala miguu yako inatembea. Na mama atapata nyonga nzima. Unangoja nini tena?"

 Felisiani akaenda kuangalia kama geti limefungwa, na lilikuwa limefungwa.

Filamu zilipofika, Clementi alimpeleka mama hospitalini asubuhi. Felisiani alitaka kumpitisha mlango wa nyuma, lakini kabla hajamfikia aliingia baba mmoja kutoka Butiama, amembeba mgongoni binti yake mdogo anayechemka homa. Goti la mtoto lilikuwa limevimba na kung'aa, na alilia hata upepo ulipomgusa. Daktari aliligusa kwa nyuma ya vidole tu. Ulikuwa usaha ndani ya kiungo. Ukiachwa humo hula ile nyama laini inayozuia mifupa isisagane, na mtoto hubaki na goti la kizee maisha yake yote. Akamwita Sista Gati, muuguzi wa chumba cha upasuaji, wakaingia na mtoto, mlango ukafungwa.

Mama Eufrasia akabaki kwenye benchi pamoja na wengine, na pale hakuna aliyemjua. Mwanamke mmoja wa Bunda, jina lake Tabu, alikuwa amekuja na kiwiko kilichoteguka zamani na kukandwa vibaya, sasa hakikunjiki wala hakinyooki. Tabu alisema dokta huyu ni mkali, ukichelewa kurudi kliniki anakufokea mbele ya watu. Mwingine akasema afadhali mkali kuliko asiyekuwepo. Tabu akasema basi wajiandae, kwa kuwa habari iliyoko mjini ni kwamba anahamia kwa tajiri, Kigera.

"Anahamia kwa nini?" Mama Eufrasia aliuliza.

"Wanasema ana mama mgonjwa. Tajiri atampeleka mama Nairobi, naye atamfanyia tajiri kazi." Tabu alikishika kiwiko chake kwa mkono mwingine. "Simlaumu. Mama ni mama. Ila mimi nilikuwa nimepangiwa mwezi ujao."

Mama Eufrasia alimtazama Clementi. Clementi akatazama miguu yake.

Hapo akatokea mzee mmoja, Magige, naye wa Butiama, aliyekuja kuonyesha kiatu kipya ambacho fundi alikuwa amekiongeza soli. Alitembea kwa fimbo, bega moja likishuka na kupanda. Gati alipotoka nje kuchukua maji ya chumvi alimsalimia kwa utani, akawaambia waliokaa kwamba huyu alitolewa nyonga mwaka juzi na sasa anawasumbua kwa viatu. Kisha akarudi ndani kwa haraka.

Mama Eufrasia alimwomba mzee atembee mbele yake, aende mpaka mlangoni na kurudi. Magige alishangaa, lakini akatembea.

"Unalala usiku?" akamwuliza.

"Nalala."

"Shamba?"

"Napalilia. Kukimbia siwezi, lakini kwa umri huu nani ananikimbiza?"

"Na ukikanyaga, haikuchomi ndani?"

"Mama, mimi nilikuwa nalia kama mtoto," alisema Magige. "Sasa nachekwa. Kuchekwa hakuumi nyongani."

Felisiani alipotoka baada ya kuliosha lile goti, shati limelowa jasho, alimkuta mama yake bado amekaa kwenye benchi. Aliomba radhi kwa kumweka.  Baba wa mtoto alimfuata nyuma, akashukuru, akauliza siku ya kurudi kliniki wamfuate wapi, hapa au pengine, maana amesikia maneno. Felisiani akamjibu hapahapa, njoo hapahapa, huku akiwa ameshageukia mambo mengine. Alikuwa amefika chumba cha eksirei alipotambua alichokisema.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya paa, Mama Eufrasia aliomba kiti chake kiletwe barazani. Alimwita Felisiani, akamwita na Marieta. Alisema ameona mtu mwenye nyonga iliyotolewa, ametembea mbele yake, na kwamba anataka afanyiwe kama yule.

Felisiani alimweleza kwa utaratibu, kama anavyowaeleza wagonjwa. Mguu utafupika. Atachechemea. Nairobi wana kitu bora, na njia imeshapatikana.

"Hicho chuma kikilegea," mama aliuliza, "huko kwetu upande wa Mugango nitampata nani wa kukikaza?"

Felisiani alikubali kwamba vyuma hulegea baada ya miaka, wakati mwingine.

"Basi. Na sikiliza, baba. Ukitaka kwenda kwa Abdulkadiri, nenda. Wewe ni mtu mzima, una mke na watoto, na kule kwenye benchi nimesikia wanavyokusemaga, si wote wanaokusifu. Nenda. Lakini usiende kwa ajili ya nyonga yangu. Mimi sikukuzaa ili nikuuze."

Marieta aliinuka. Alikuwa amenyamaza siku zote, chooni na jikoni, na sasa sauti ilimtoka ikiwa imekauka.

"Mama, ulikuja kutibiwa au ulikuja kutufunga hapa?"

 Marieta akaingia ndani, na kwa muda walisikia vyombo vikipangwa kwa nguvu.

Felisiani alisema kwamba hata kama angetaka, hawezi kumpasua mama yake mwenyewe. Madaktari hawafanyi hivyo. Mkono unaweza kutetemeka.

"Hao uliowapasua hawakuwa mama za watu?"

"Sikuwa mtoto wao."

"Na mkono haukutetemeka?"

Alifikiri kwa ukweli. "Mwanzoni ulitetemeka," alisema.

Alijaribu kumpata mwingine. Alipiga simu kutoka posta kwa daktari mmoja wa hospitali ya misheni upande wa Mwanza, mwenzake wa chuo, akaambiwa ameondoka, yuko Gaborone. Alimwuliza Gati, naye akasema anachojua yeye ni kwamba mama amepungua uzito kwa maumivu na wakizidi kungoja hataweza kustahimili kisu chochote, kiwe cha Nairobi au cha Musoma. Alikwenda hadi Kigera, akaizunguka hospitali mpya ya Abdulkadiri kwa nje. Ilikuwa nzuri. Madirisha yalikuwa makubwa, na mafundi walikuwa wakipaka rangi nyeupe. Alitamani kuingia, akaogopa kwamba akiingia hatatoka.

Mwisho alipanga kumpasua mwenyewe, Alhamisi. Clementi alijitolea damu. Alikuwa mvuvi asiyeogopa dhoruba, ila alipoambiwa damu lazima ipimwe kwanza ugonjwa wa siku hizi, alikaa nje ya maabara amejikunyata, anawaza kila kambi ya uvuvi aliyolala. Majibu yalipotoka salama alicheka peke yake, kisha akafuta macho.

Mganga wa usingizi alikuwa Stanislausi, mtu wa maneno machache. Kwa udhaifu wa moyo wa Mama Eufrasia aliogopa kumpa nusu kaputi, akamchoma ganzi ya mgongoni, ikaua kuanzia kiunoni kushuka chini. Kwa hiyo mama alikuwa macho. Shuka la kijani lilitundikwa kati ya kichwa chake na mahali pa kupasuliwa. Felisiani alinawa muda mrefu kupita kawaida. Gati alishika kisu akingoja. Daktari alisimama juu ya ile ngozi iliyopakwa dawa, akaiona alama nyeupe ya kovu la moto ambalo mama yake alilipata zamani akikausha samaki, na mkono haukwenda.

Nyuma ya shuka mama alianza kuzungumza. Alizungumza Kijita, na Gati, Mkurya, hakuelewa. Alikuwa akimweleza Stanislausi, ambaye naye hakuelewa, kuhusu furu. Alisema siku hizi ziwani hakuna furu, sangara wamewamaliza, na kwamba mchuzi wa sangara una mafuta lakini hauna utamu. Alieleza namna ya kumtoa furu matumbo kwa kidole kimoja pasipo kumpasua. Aliendelea hivyohivyo kwa sauti ya mtu aliyekaa jikoni kwake.

Felisiani akakata.

Alipofika ndani ilikuwa kazi kama kazi nyingine, nyama, mshipa, mfuko wa kiungo. Kichwa cha mfupa kilichopaswa kuwa duara na laini kilikuwa kimebonyea na kuota vijipembe. Aliona kwa macho yale aliyoyasikia kwa kiganja, akajiuliza mtu alitembeaje na kitu kama kile hata kwenda kuteka maji. Akaomba msumeno. Chumba kilisikia sauti yake.

"Umeshaanza?" mama aliuliza kwa Kiswahili.

"Tunamalizia, mama."

"Mbona sijasikia maumivu."

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema, na Gati akaona jasho likimdondoka mwisho wa pua, akampangusa.

Baada ya hapo ilikuja kazi ndefu ya kungoja. Mguu ulivutwa kwa kamba na mfuko wa mchanga uliotundikwa mwisho wa kitanda, ili usifupike kupita kiasi wakati kovu likijifunga. Mama Eufrasia alilala chali wodini pamoja na wanawake wengine, na aliyekuwa akija kumwosha, kumlisha na kumbadilishia kanga alikuwa Marieta, asubuhi kabla ya shule na alasiri baada ya shule.  Siku moja, Marieta akimsugua visigino ili visichubuke, mama mkwe akamwambia kwa upole kwamba amemnyang'anya nyumba.

"Hukuninyang'anya," alisema Marieta. "Sikuwa nimeipata bado."

Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kitambaa mkononi, akalia kidogo. Mama Eufrasia hakuweza kugeuka. Alinyoosha mkono, akauweka mgongoni kwa Marieta, akauacha pale.

Felisiani alimwendea Abdulkadiri mwenyewe dukani. Alimwomba wakubaliane alasiri chache kwa wiki, afanye huku na kule. Abdulkadiri akakataa kwa heshima, akarudia kwamba nusu ya daktari hataki. Waliagana kwa mikono miwili. Haikupita muda, ubao ukatundikwa Kigera wenye jina la daktari mwingine, kijana kutoka Mwanza aliyetibu kila kitu kuanzia malaria hadi meno. Magari yalianza kusimama pale. Marieta alipita mbele ya ubao ule kila siku akienda shule, na kwa muda mrefu alipita bila kugeuza shingo.

Mama alipoanza kutembea kwa magongo, habari zikaenea Iringo kwamba dokta wa mifupa amemkata mama yake mguu umekuwa mfupi. Kanisani watu walimgeukia kumtazama. Kuna mgonjwa mmoja, mtu wa ofisini, aliyeghairi upasuaji wake kwa sababu hiyo, akasema kama amemfanyia hivyo aliyemzaa, yeye je. Felisiani alilisikia hilo mbele ya wauguzi. Akaitia sahihi ruhusa yake ya kuondoka, akamwita anayefuata. Aliyefuata alikuwa Tabu wa Bunda na kiwiko chake.

Mvua za vuli zilipokaribia, Mama Eufrasia alisema anarudi kwake. Walimsihi akae. Akasema muhogo hauwezi kujipalilia.

Ilikuwa likizo ya Juni, mwaka uliofuata, Felisiani na Marieta walipopata nafasi ya kwenda kumtazama. Waliteremka garini kwenye barabara kuu, wakatembea mpaka nyumbani, wakamkuta Clementi peke yake anashona nyavu. Mama hayupo, alisema. Kuna msiba kijiji cha pili, ameondoka asubuhi.

"Amekwenda na nini?" Felisiani aliuliza.

"Na miguu. Kwani ulimwachia baiskeli?"

Daktari alianza kuhesabu kichwani umbali, mawe ya njiani, mteremko wa kushuka mtoni. Alikwenda hadi mwisho wa ua, akarudi, akaenda tena. Alimwuliza Clementi kama mguu unavimba jioni, kama analalamika, kama kiatu kimelika upande. Clementi akasema hajui, mama hakai nyumbani mtu akamchunguza. Kwenye miti mikubwa ya ufukweni wanawake waliokuwa wakianua dagaa walimwita Marieta wakamsalimia, akaenda kuwasaidia.

Jua lilikuwa limeanza kulegea mama alipotokea. Walimwona kwa mbali kwenye njia ya minyaa, akiyumba kila hatua kama mtu aliyebeba ndoo upande mmoja, fimbo mkononi na furushi la kuni kichwani. Kuni alikuwa ameziokota njiani, kwa kuwa hapendi kurudi mikono mitupu. Felisiani alitaka kukimbia kumpokea. Marieta alimshika shati.

"Mwache afike," alisema, naye alikuwa anacheka. Felisiani hakukumbuka mara ya mwisho aliposikia kicheko kile.

Mama Eufrasia alitua kuni, akawasalimia mmoja mmoja, akauliza habari za wajukuu, akanywa maji kata nzima. Akawalaumu kwamba wangetuma salamu wanakuja. Hapo alipo anapita tu, kuna kikao cha akina mama kanisani, na yeye ndiye mwenye ufunguo.

"Kaa kwanza niitazame hiyo nyonga," alisema Felisiani.

"Kesho."

"Mama, nimetoka Musoma kwa ajili hiyo."

"Basi umeiona. Kesho utaishika."

Alichukua fimbo yake. Marieta akajifunga kanga, akasema atamsindikiza. Wakaondoka wawili, mrefu na mfupi, na Felisiani akabaki amesimama na Clementi, akiwatazama. Mguu ulikuwa mfupi sana. Alijua vizuri umefupika kwa kiasi gani, kwa kuwa yeye ndiye aliyeukata. Alisikiliza fimbo ikigonga mawe, na walipokwisha kupinda kwenye minyaa, asiwaone tena, akamsikia Marieta akimwomba mama apunguze mwendo.